Ganda la Paskazia

Leokadia alifunga nusu ya kwanza ya mtandao nyumbani kwa Domitila asubuhi ya Jumanne bila kukosea hata hatua moja, na jambo hilo lilimuudhi. Njia nzima alikuwa ameomba kebo iwe fupi. Kebo ikatosha. Alikuwa ameomba pia kompyuta ya Domitila iwe kuukuu, isiyoelewana na vifaa vipya, maana mtu aliyestaafu Mwanza akarudi Kamachumu kukanyaga udongo mwekundu kwa viatu vya visigino hastahili kubahatika katika kila jambo. Kompyuta iliwaka mara moja. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Nikuletee chai, Ma Leokadia?"

"Sinywi chai kazini."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Katika miaka yake tisa ya kufunga mtandao majumbani hakuna nyumba aliyotoka bila kunywa chai, na ziko nyumba alizokunywa mara mbili. Lakini chai ya Domitila isingempita kooni.

Alifungua sanduku lake la baridi. Ndani, juu ya barafu, lilikaa ganda moja lenye ukubwa wa kahawa iliyoiva, rangi yake ya fedha. Alivaa glovu, akalipasua kwa koleo, na punje mbili zikalala uso kwa uso kama zinavyolala punje za kahawa yoyote. Moja aliirudisha kwenye barafu. Nyingine aliishusha taratibu katika tundu la kisanduku cheupe alichokwisha kukiunga na kompyuta. Punje ilizama, ikajishika. Kwenye kioo yakatokea maneno: *Nusu ya kwanza imekaa. Inasubiri mwenza.*

"Mbona taa haiwaki?" Domitila aliuliza.

"Itawaka nikifunga ya pili kule. Na lazima niifunge leo kabla jua halijatua, la sivyo zote mbili zinakufa."

"Zinakufa kabisa?"

"Kabisa. Na mgao mwingine ni baada ya miaka mitatu."

Domitila alishika kifua. Kisha akasogeza kiti cha mbao karibu na rafu, akakirekebisha mpaka kikaelekea kisanduku sawasawa.

"Hicho cha nini?" Leokadia aliuliza, ingawa alishajua.

"Cha kukalia niangalie taa. Utanicheka, waitu, ndugu yangu. Nimelala peke yangu miaka sita tangu mzee afariki. Naamka sijui kama kuna mtu mwingine aliyeamka hapa duniani. Sasa taa ikiwaka nitajua Paskazia amekaa kwenye kompyuta yake, nami nitakaa kwenye yangu. Hata tusipoandikiana kitu."

Leokadia alikuwa amefunga nyumba mia mbili na kumi na nne, na wengi walikuwa wamemwambia maneno kama hayo, naye alikuwa amewaitikia kwa moyo mweupe. Leo alicheka kicheko kisichovuka meno, akakunja kebo zake, akaaga.

*

Vijana wa siku hizi hawakumbuki, lakini zamani mtandao ulitoka angani na kwenye minara. Kisha jua likatema moto wiki nzima, setilaiti zikaungua, minara ikabaki kuwa vyuma vya kuanikia nguo. Watu walikaa miaka minne wakiandikiana barua kwa mkono. Ndipo yakaja maganda.

Punje mbili zilizokuzwa katika ganda moja hazisahauliani. Ukizitenganisha, ukaiweka moja nyumba hii na nyingine nyumba ile ng'ambo ya bonde, zinaitana, na kwa kuitana huko zinavuta njia pana ya mtandao kwa nyumba zote mbili. Punje moja pekee haivuti kitu. Kwa hiyo hakuna nyumba inayofungiwa mtandao peke yake. Lazima utafute mwenza, na ukishampata umempata, kwa sababu punje zilizoamka pamoja haziachani wala haziungwi na nyingine. Asiyekuwa na mwenza hupanga foleni ya laini ya kata, ambayo hupitisha maandishi tu, tena kwa kujikongoja.

Na kila kisanduku kina taa ndogo ya rangi ya asali. Mwenza wako akikaa kwenye kompyuta yake, taa ya kwako inawaka. Waliobuni kifaa hawakuikusudia, wanasema ni joto linalovuja tu kutoka punje hadi punje. Lakini ukimuuliza mtu yeyote Kamachumu mtandao ni nini, atakuonyesha taa kwanza.

Sasa, wafungaji wana kiapo chao. Zamani kidogo walijichagulia wenza waliowataka, wengine wakawabembeleza wateja, wengine wakawatisha, mpaka Idara ya Maganda ikapiga marufuku. Mfungaji haombi. Anaruhusiwa kuwa na mwenza akiombwa, lakini yeye mwenyewe hafungui mdomo wala hadokezi. Leokadia aliapa hivyo mkono ukiwa juu ya sanduku, na katika miaka tisa hakuwahi kudokeza.

Hakuona haja ya kudokeza. Alikuwa na Paskazia.

Yeye na Paskazia walianza kuchota maji pamoja kisima cha Kabirizi wakiwa hawajaota meno ya ukubwani. Walipokea komunyo ya kwanza siku moja, gauni za kitambaa kimoja. Leokadia alipofiwa na mume, Paskazia alihamia kwake siku arobaini akamwosha mpaka miguu. Mgao wa mwaka huu ulipotangazwa, Leokadia alijua kwamba jina la Paskazia limo, na akakaa kusubiri aombwe. Kila wiki alipita kwa Paskazia akitoka kazini na sanduku lake, akaliweka mezani, akanywa chai, akasubiri. Paskazia angeongelea kabichi. Angeongelea goti. Angelitazama sanduku, kisha angeongelea kabichi tena. Leokadia angebeba sanduku lake akaenda zake.

Ikapita miezi kumi na moja. Ndipo fomu ikatua mezani pake ofisini: *Nyumba ya kwanza, Domitila. Nyumba ya pili, Paskazia. Mfungaji, Leokadia.* Aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Domitila! Mtu wa juzi, aliyemkuta Paskazia kwenye kwaya miaka mitatu iliyopita na hata sauti hana!

Tangu siku hiyo kijiba cha roho kilimkaa. Alikuwa akilala nacho na kuamka nacho. Tusimtukane kwa hilo, maana wivu wa mume watu wanauimbia nyimbo, lakini wivu wa rafiki hauna hata matanga, mwenye nao anaumeza mkavu.

*

Paskazia alikuwa amefagia uwanja mara mbili. Alimpokea Leokadia mlangoni kwa mikono miwili, akamkalisha, na akaweka mbele yake kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama desturi. Kwa watu wa huku mgeni haombi kahawa hata akiwa na hamu ya kufa. Mwenyeji ndiye anayetoa. Mwenyeji asipotoa, mgeni anaenda zake kimya na moyoni anajua anavyohesabiwa katika nyumba hiyo.

"Evodia ameandika jana," Paskazia alisema kabla hata hajaketi. "Njoo uone."

Evodia alikuwa binti yake wa pekee, fundi wa mabomba ya maji huko Mwezini, aliyeondoka miaka miwili iliyopita na kujifungua hukohuko mtoto wa kike. Mtoto alikuwa na miezi minne sasa. Bibi yake hakuwahi kumwona, kwa sababu laini ya kata haibebi picha. Kwenye kioo cha kompyuta ya Paskazia, ile nzito iliyonunuliwa na ushirika wa kahawa enzi za mababu, palikuwa na mstari mmoja tu: *Mama, leo amecheka.*

"Nimeusoma mpaka macho yameuma," Paskazia alisema. "Amecheka vipi, sijui. Amecheka kama Evodia, au kama wale wa kwa baba yake wanaocheka puani? Leo nitaona. Eti, Leoka? Leo nitaona?"

"Ukiniacha nifanye kazi, utaona."

Ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Paskazia alimtazama kidogo, akampisha.

Leokadia alichomoa kifaa cha kata, waya wake umeliwa na panya nusu. Alichomeka kisanduku cheupe kwenye umeme, akakiunga na kompyuta kwa kebo, akasubiri ijue kwamba ina mgeni. Kompyuta ilifikiri. Ilifikiri kwa muda mrefu kuliko ya Domitila, na Leokadia akaona fahari isiyo na maana kwa niaba ya mashine ile kongwe. Ukurasa wa kujisajili ukafunguka.

"Lugha?"

"Kiswahili."

"Chagua neno la siri. Usiniambie, andika mwenyewe." Aligeuka dirishani huku Paskazia akidonoa herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Alihesabu midonoo. Ilikuwa minane, na jina la Domitila lina herufi nane. Roho ikamruka. Hakujua kwamba hata neno *kabichi7* lina minane, na mtu mwenye wivu hahitaji kuambiwa.

"Jina la mtandao," alisema. "Hili linaonekana kwenu wote wawili. Watu wengine huandika jina la ukoo."

"Nililiwaza zamani," Paskazia alisema kwa haya kidogo, akadonoa tena. Kwenye kioo likatokea neno: *Kabirizi*.

Leokadia alilisoma. Kabirizi. Kisima chao. Jiwe lililoteleza ambalo Leokadia aliangukia akavunja jino, na Paskazia akalitafuta jino lile majini mpaka jua likazama. Mahali pale pote, na jino lake, na utoto wake, vimechukuliwa vikapewa Domitila na kitambaa chake cha kufuma.

"Jina zuri," alisema.

"Umelipenda?"

"Nimesema zuri. Yalete yale maji ya moto nifute tundu."

Hakuhitaji maji ya moto. Tundu lilikuwa safi. Paskazia aliinuka kwa goti lake bovu, akaenda jikoni, na Leokadia akabaki peke yake na sanduku la baridi.

Alilifungua. Punje ilikuwa pale juu ya barafu, fedha tupu, ikimsubiri mwenzake aliyeko ng'ambo ya bonde.

Kila mfungaji anafundishwa siku ya kwanza kabisa: usiiguse punje kwa mkono mtupu. Joto la mtu linaiamsha kabla ya wakati, na ikiamka peke yake inakufa. Ukiishika mpaka hesabu ya ishirini, hairudi. Haiachi alama wala harufu. Ofisini utaandika *hitilafu ya kiwanda*, na hakuna atakayeuliza, kwa sababu maganda mabovu yapo kila mgao. Kule kwa Domitila nusu ya kwanza ingekufa jioni. Kiti kingebaki kimeelekea ukutani. Na baada ya miaka mitatu ungekuja mgao mwingine, na pengine Paskazia angekuwa ametia akili.

Leokadia alivua glovu ya mkono wa kulia. Aliiokota punje akaifumbata.

*Moja. Mbili.*

Ilikuwa baridi kama tone la mvua ya asubuhi. Mkono wake ulikuwa umetulia, na utulivu huo ulimshangaza. *Tatu. Nne. Tano.*

"Leoka," Paskazia aliita kutoka jikoni. Sufuria ililia. "Kuna jambo nataka nikuulize kabla hujaimaliza hiyo kazi. Nimelibeba miezi mingi."

*Sita.* "Uliza."

"Nisipokuuliza leo nitakufa nalo. Usikasirike."

*Saba. Nane.* Baridi ilianza kupungua kiganjani.

"Kwa nini hukunipa?"

*Tisa.* "Kukupa nini?"

"Ganda, waitu! Kwani tunaongelea nini?" Sauti ya Paskazia ilikatika kidogo, kisha ikarudi, ikaja na maneno mengi kwa mkupuo. "Ulikuwa unakuja hapa kila wiki na sanduku. Unaliweka mezani pangu, hapohapo. Unakunywa chai. Mimi nasema leo atafungua, leo atasema Paska, hili letu. Nakaa nasubiri mpaka naishiwa maneno, naongea habari za kabichi kama kichaa. Wewe unalibeba unaondoka. Nikasema basi, Leokadia ana watu wengi, nyumba mia mbili zinamjua, mimi ni nani?"

*Kumi na moja. Kumi na mbili.*

"Mwenye kahawa ndiye anayetoa. Ningeombaje? Uliwahi kuona mtu wa kwetu anaomba kahawa?"

*Kumi na nne.*

"Domitila hana adabu hiyo, imempotelea Mwanza. Alikuja akasema waziwazi, Paskazia naomba tufunge wote, kama mtu anayeomba chumvi. Nikashindwa kumkatalia. Lakini jina lile niliandika kwenye karatasi tangu mwaka jana, nikijua ni wewe. Sikuwa na jina jingine."

*Kumi na sita.* Kitu fulani kiganjani kilitikisika, kama kope ya mtoto anayetaka kufumbua macho. *Kumi na saba.*

Leokadia aliruka. Hakutafuta koleo, hakuvaa glovu. Aliifikisha punje kwenye tundu kwa vidole vitupu na kuisukuma ndani. Ilikaa pembeni. Akaisukuma tena. Ikazama.

Paskazia alitokea mlangoni ameshika birika.

"Mfungaji haombi," Leokadia alisema. Alikuwa analia, na hakujua alikuwa ameanza saa ngapi. "Paska, sisi hatuombi. Tumeapa. Hata kudokeza haturuhusiwi. Nilikuwa naliweka sanduku hapo nikisubiri uniombe. Miezi kumi na moja nasubiri mdomo wako!"

Paskazia alisimama. Birika lilikuwa likimchoma, akalihamisha mkono huu na huu.

"Nani aliniambia habari za kiapo?"

"Hakuna."

"Mungu wangu," Paskazia alisema. "Mungu wangu, sisi wajinga."

Kisha kompyuta ikalia.

*

*Mwenza amepatikana*, kioo kiliandika. *Inapima kasi.* Mstari wa kijani ukatembea, ukasita katikati, Leokadia akaacha kupumua. Ukaendelea. Ukafika mwisho. Mara ukaja wito kutoka mbali sana, na Paskazia, ambaye hakuwahi kupokea wito wa picha maisha yake yote, akabonyeza kila kitu isipokuwa penye kupokelea, mpaka Leokadia akamshika kidole akakielekeza.

Evodia alitokea. Alikuwa amekonda, nywele fupi, nyuma yake mabomba. Mikononi alikuwa na kifurushi, na kifurushi kikageuza uso.

"Mama? Mama, unaniona?"

Paskazia alikisogelea kioo. Alikuwa amelishika birika bado. Mtoto alikitazama kioo kwa ukali wa mtu anayetaka kujua ni nani huyu, kisha akacheka, mdomo mzima, ufizi mtupu.

"Ni cha kwetu," Paskazia alisema. "Leoka, si cha puani. Ni kicheko cha kwetu!"

Waliongea. Leokadia alisogea nyuma, akakaa kwenye kiti cha ukutani, mkono wa kulia ameukunja kifuani. Furaha ya Paskazia ilimjaa na kumchoma kwa pamoja. Alikuwa karibu, hesabu tatu tu, kuizima. Angeketi papo hapo na kusema pole.

Evodia alipoaga, kioo kilileta maandishi. Yalikuwa ya Domitila, yenye alama za mshangao nyingi: *Taa yangu inawaka!!! Paskazia, nakuona upo! Nimekaa kwenye kiti changu! Na yako inawaka?*

Paskazia aligeukia kisanduku cheupe. Taa ilikuwa nyeusi.

Alikigonga kidogo kwa kucha, kama watu wanavyogonga redio. "Yangu mbona haiwaki?"

Leokadia alijua kwa nini. Punje iliyopashwa moto kisha ikaokolewa hubeba maneno na picha, lakini ile sehemu inayosikia joto la mwenzake inakuwa imeungua. Haiponi. Domitila angemwona Paskazia akiamka kila asubuhi mpaka mwisho wa maisha yao. Paskazia asingemwona Domitila hata siku moja.

"Kuna fomu ya mwisho," alisema. "Nipishe."

Aliketi kwenye kompyuta. *Kasi: nzuri. Picha: nzuri. Taa: haiwaki.* Chini yake, *Sababu*, na orodha ya kuchagua. *Hitilafu ya kiwanda* ilikuwa ya kwanza kabisa, tayari imetiwa rangi, kama vile mashine yenyewe inamhurumia. Ilibaki kubonyeza tu. Ya mwisho ilikuwa *Kosa la mfungaji*. Anayechagua hiyo anarudisha sanduku siku hiyohiyo, na hapewi tena.

Nyuma yake Paskazia alikuwa bado anakipapasa kisanduku. "Labda inahitaji kupumzika," alisema. "Si neno, waitu. Mtoto nimemwona. Taa ni nini?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomshinda Leokadia. Kama Paskazia angelalamika, pengine Leokadia angeweza kudanganya.

"Niliishika mkononi," alisema bila kugeuka.

"Ulishika nini?"

"Punje. Ulipokwenda jikoni. Niliivulia glovu nikaifumbata. Mkono mtupu unaiua."

Nje kuku alikuwa akitangaza yai.

"Kwa bahati mbaya?" Paskazia aliuliza polepole.

"Hapana. Nilikuwa nahesabu. Ikifika ishirini inakufa. Nilifika kumi na saba."

"Ulijua kuhusu mtoto?"

"Nilijua."

"Maandishi yale nilikusomea mwenyewe. *Leo amecheka.* Nilikusomea, halafu ukahesabu."

"Ndiyo. Niliona wivu, Paska. Wivu mbaya. Ulipoandika Kabirizi nilitaka kila kitu kife. Sina neno jingine."

Paskazia aliweka birika chini, hatimaye, na Leokadia akaona katika kioo cha kompyuta kwamba kiganja chake kilikuwa chekundu. Alitamani kumpaka mafuta. Hakuthubutu hata kuinuka.

Alishusha kishale hadi mwisho wa orodha, akabonyeza *Kosa la mfungaji*. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Kisha akafunga ukurasa, akakusanya koleo, kebo na glovu zote mbili, akavitia katika sanduku juu ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka, na kulifunga.

"Watakufanya nini?" Paskazia aliuliza.

"Watachukua sanduku. Leo jioni."

"Ulilipenda."

"Nililipenda."

Paskazia alikwenda kwenye kompyuta. Alimwandikia Domitila kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na Leokadia hakugeuka kutazama ingawa shingo ilimwasha. Midonoo ilikuwa mingi. Alijiambia kwamba anaandika kila kitu, kwamba kesho kwaya nzima itajua, na kwamba ndivyo inavyostahili.

"Nimemwambia yangu pia inawaka," Paskazia alisema. "Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni mwongo. Hilo ni lako, usilisahau."

"Silisahau."

Leokadia alibeba sanduku, akafika mlangoni. Kisahani cha kahawa kilikuwa mezani pale pale, hakuna aliyekigusa. Alitaka kuomba msamaha, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo, na katika maisha yake yote hakuwa amejifunza kuomba kitu katika nyumba hii.

"Leoka."

Alisimama.

"Kesho usije. Kesho nina hasira, na Jumapili vilevile kanisani tusikae benchi moja." Paskazia alikuwa amekikalia kiti cha kompyuta, mgongo umemgeukia, macho kwenye taa nyeusi. "Jumatatu uje. Utakuwa huna sanduku, mkono mtupu kama mgeni yeyote. Uketi, unyamaze. Mimi ndiye nitakayetoa."